Nifukuze Kidogo Tu, Mwenyekiti

Jumapili, 2 Machi

Tumefungwa tena jana. Nne bila. Mechi ya tano mfululizo. Mwamuzi kipofu, uwanja mbovu, na upepo ulikuwa wa kwao vipindi vyote viwili. Hakuna aliyeuona upepo huo isipokuwa mimi.

Mashabiki waliimba "Zima feni!" tangu bao la pili mpaka tunapanda basi. Feni ni mfumo wangu wa uchezaji. Wachezaji wanazunguka: mshambuliaji anarudi kuwa beki wa kushoto, beki wa kushoto anapanda kati, wa kati anakwenda winga, na adui anapata kizunguzungu. Kwenye ubao unapendeza sana. Jana beki na mshambuliaji wetu waligongana vichwa kwenye kona yetu wenyewe, wakatolewa wote wawili. Uzembe wao.

Leo redioni mtangazaji wa michezo kauliza: kocha wa Magodoro afukuzwe, asifukuzwe? (Magodoro ni jina tulilobandikwa na watani, kwa sababu Mwenyekiti wetu ana kiwanda cha magodoro.) Watu wakapiga simu kama wanagawiwa kitu. Wote, afukuzwe. Mmoja alitaka nifukuzwe mpaka mjini. Nikaona hapana, na upande wa pili usikike. Nikabana pua kwa vidole, nikapiga, nikajitambulisha kuwa mwalimu mstaafu. Nikaeleza kwa upole kwamba kufukuza kocha katikati ya msimu ni kubadilisha dereva wakati gari halina mafuta, na kwamba jambo hilo halijawahi kusaidia timu yoyote popote. Mtangazaji akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Asante sana, Kocha."

Mke wangu alikuwa jikoni na redio imefunguliwa. Nilimsikia anacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Sirudi nyuma. Kufukuza kocha hakusaidii kitu. Mimi mwenyewe niliingia Oktoba baada ya mwenzangu kutimuliwa, na mechi ya kwanza tukashinda mbili bila, lakini hiyo ilikuwa kesi nyingine. Hiyo ilikuwa akili.

Mwenyekiti amepiga simu. Nifike kiwandani kesho asubuhi. Sauti haikuwa nzuri. Na nyumba hii ni ya klabu: vyumba vitatu, maji hayakatiki, na mke wangu anatembea tu mpaka hospitali anakofanya kazi ya uuguzi. Ni nyumba ya kocha. Asiye kocha halali humu. Sijamwambia mke wangu habari za simu.

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi! Nimeingia ofisini mtu wa kufukuzwa, nimetoka mwenye mpango.

Ofisi ya Mwenyekiti haina viti. Wageni hukaa juu ya magodoro ya maonyesho, yeye peke yake ana kiti. Ukikaa unazama. Hakuna binadamu anayeweza kujitetea magoti yakiwa usawa wa masikio, na nadhani anajua hivyo.

Akaanza kwa kusema wachezaji wamelala. Akasema akienda kwenye harusi watu wanamuuliza kama timu yake nayo inauzwa na mito. Akasema wanahitaji mshtuko. Neno hilo alilirudia mara kadhaa, mshtuko, mshtuko, huku akinitazama.

Hapo hapo wazo likanijia. Nikamwambia: Mwenyekiti, ukinifukuza kweli, umepoteza kocha. Usiponifukuza, hakuna mshtuko. Basi nifukuze kidogo tu. Kwa uongo. Tangazo litoke leo. Msaidizi wangu asimamie mechi moja, ya Jumamosi. Wachezaji washtuke, wakimbie, washinde. Jumapili klabu inatangaza kwamba imesikia kilio cha wachezaji, na mimi narudi. Yeye anapata pointi, mimi napata heshima, na hakuna mtu anayehama nyumba.

Mwenyekiti hakuomba hata muda wa kufikiri. Alisema sawa kabla sijamaliza, akanishika mkono, akanivuta kutoka godoroni. Mtu mwepesi wa kuelewa mambo. Siri ya watu wawili, basi.

Tangazo nimeliandika mimi, maana karani wake hana mtiririko. Nilianza: "Klabu inamshukuru kocha wetu mahiri na mwenye maono." Mwenyekiti akafuta "mahiri". Akafuta "mwenye maono". Akabakiza "kocha". Nilipofika mtaani kwetu lilikuwa limeshasomwa redioni, na jirani mmoja alikuwa anapiga honi ya gari akiwa ameegesha.

Jumanne, 4 Machi

Nimewaaga wachezaji. Nilitegemea machozi. Nilikuwa na kitambaa mfukoni kwa ajili yao.

Nikasema maneno mazito kuhusu safari, milima na mabonde. Nikanyamaza ili wapate nafasi ya kulia. Nahodha akanyoosha mkono, akauliza traksuti ya klabu nitairudisha lini, kwa sababu imebaki moja tu ya saizi hiyo. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Nimeamua yalikuwa makofi ya shukrani. Kipa peke yake alifuta jicho, ila baadaye nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba chokaa ya mistari imemwingia.

Shukrani ya punda ni mateke. Subirini Jumapili.

Msaidizi wangu ni Shemeji, mdogo wake mke wangu. Nilimchukua kwa sababu mama mkwe aliniomba, na mama mkwe haombi mara mbili. Mtu wa maneno mawili, kijiti cha meno mdomoni asubuhi mpaka jioni. Ukimwambia lolote anajibu, "Sawa, shemeji," kisha anakwenda kufanya lililo kichwani mwake. Nimemwita pembeni, nikampangia kikosi chote, Feni kamili, nani azunguke wapi na dakika ya ngapi. Nimemwambia nitakuwa nampigia simu kutoka jukwaani. "Sawa, shemeji."

Mke wangu kapokea habari kwa utulivu ulionikera. Siwezi kumwambia siri, lakini mke wa mtu aliyefukuzwa angalau hukaa chini. Yeye aliuliza ni nani anachukua timu. Nikamwambia ni mdogo wako. Akatikisa kichwa, akasema, "Maskini mdogo wangu."

Maskini! Nani kafukuzwa hapa?

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda uwanjani kwa siri. Kofia pana, miwani ya jua ya mke wangu, nimekaa katikati ya mashabiki wenyewe wa "Zima feni!" Nikapiga simu kabla mpira haujaanza. Shemeji hakupokea. Nikapiga tena. Nilimwona kwa macho yangu akiitoa simu mfukoni, akiitazama, akiirudisha. Mfuko wenyewe ni wa traksuti yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu yumo ndani ya nguo yenyewe!

Hakuna Feni. Hakuna hata upepo. Mshambuliaji mbele, mabeki nyuma, kipa golini. Mpira wa watoto wa shule. Nikajisemea, tumekwisha.

Tumeshinda tatu bila.

Bao la kwanza, mpira ulimgonga beki wao kisogoni ukaingia. La pili, kipa wao aliteleza. La tatu sikuliona kwa sababu mwanamume aliyekaa kulia kwangu alikuwa amenikumbatia kichwa. Akaniambia kwa furaha kwamba siku zote alijua dawa ni kumtoa yule mpumbavu. Akanitaka niimbe naye. Nikaimba. Ningefanyaje? Nimeimba "Feni imezimwa" beti zote, na miwani ya mke wangu imevunjika mkono mmoja.

Lakini nina furaha. Mpango umefaulu kama nilivyosema! Mshtuko ni wangu, kwa hiyo mabao matatu ni yangu. Kesho narudi kazini.

Jumapili, 9 Machi

Nimevaa suti tangu asubuhi. Mwenyekiti hajapiga simu.

Nimempigia mimi. Haipokelewi. Redioni wanamwita Shemeji "Fundi". Mtangazaji kamuuliza siri ya ushindi ni nini, na Shemeji akafikiri kwa muda mrefu, kijiti kikasikika kabisa hewani, kisha akajibu kwamba hajui. Wakamsifu kwa unyenyekevu! Mimi nikisema sijui, wanasema sijui.

Jioni mke wangu kaniuliza kama naenda kwenye mazishi. Nikavua suti.

Jumatatu, 10 Machi

Dhuluma. Dhuluma ya mchana kweupe, na mimi nimezama godoroni.

Nilimkumbusha Mwenyekiti makubaliano yetu. Hakuyakana. Ningeshukuru angeyakana, ningejua nina ugomvi na mwongo. Alinisikiliza vizuri, akakubali kila neno, kisha akasema, "Mpango ulikuwa wako. Ulisema nikikufukuza timu itashinda. Nimekufukuza, imeshinda. Sasa nikikurudisha, si nitakuwa nauharibu mpango wako mwenyewe?"

Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa natafuta jibu, na mpaka sasa ninapoandika sijalipata, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kabla sijatoka aliongeza, huku akitazama dirishani, kwamba nyumba ya klabu ni ya kocha. Shemeji ataingia Jumatano.

Nimemwambia mke wangu kila kitu. Siri, mpango, Mwenyekiti, nyumba. Nikajiandaa kumfariji, nikamwambia asiogope, tutapata pa kuishi. Akaniuliza kwa nini yeye ahame. Nyumba inakuwa ya mdogo wake, na hakuna mahali duniani ambapo dada hufukuzwa kwa mdogo wake.

Akasema nikitaka ataniombea.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji kafika na sanduku moja na kijiti. Nilisimama mlangoni ili aone aibu. Akasema, "Shikamoo, shemeji," akapita.

Amepewa chumba chetu. Mke wangu kaingia chumba cha watoto, ambao wako shule ya bweni, na kitanda kile ni cha mtu mmoja. Mimi nimeangukia sebuleni. Godoro nimeletewa na dereva wa kiwanda, salamu kutoka kwa Mwenyekiti. La maonyesho. Lina alama ya magoti yangu.

Asubuhi tulikuwa mezani watatu. Mke wangu akasema, "Kocha, chai inapoa." Nikageuka, nikanyoosha mkono. Alikuwa anamwambia mdogo wake! Tangu nianze kazi hii hajawahi kuniita jina jingine isipokuwa Kocha, hata tukigombana. Nikauliza mimi sasa naitwa nani. Akafikiri kidogo, akasema nisogeze sukari.

Mama mkwe kapiga simu kumpongeza mwanawe kwa kupata nyumba. Aliponitaka nije kwenye simu nilidhani ni pole. Alitaka kuhakikisha simsumbui mtoto wake, maana mtu akiwa na kazi kubwa anahitaji kupumzika.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya kwanza, na Shemeji ameshaniuliza kama naweza kumtengenezea bomba la bafuni.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepata njia. Shemeji akifungwa kesho, Mwenyekiti atarudi kwangu kwa magoti. Lazima afungwe. Kwa hiyo nitamshauri vibaya, makusudi.

Baada ya chakula nikamsogelea, nikajifanya mtu aliyesamehe. Nikampa ushauri mbovu kuliko wote niliowahi kuubuni: asimzungushe mtu yeyote. Kila mchezaji abaki nafasi yake. Mipira ipigwe kwa mshambuliaji, na mshambuliaji apige golini. Nilipokuwa nasema nilikaribia kucheka. Hata mtoto angejua ni mtego.

Shemeji akatoa kijiti mdomoni, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema, "Sawa, shemeji." Na macho yake yalionyesha safari hii anamaanisha.

Jumamosi, 15 Machi

Mbili bila. Wameshinda.

Alifuata kila neno! Miezi yote hii hajawahi kunifuata, ananifuata siku ninayodanganya! Baada ya mechi alinishukuru mbele ya watu. Nahodha akanipa mkono, akasema huo ndio ushauri bora niliowahi kutoa, ni bahati mbaya tu kwamba niliutoa baada ya kuondoka.

Usiku mke wangu kanikuta nimekaa godoroni kwa hasira. Nikamwambia si haki. Timu ile niliijenga mimi, mwingine anavuna. Akavua viatu vya kazini, akakaa pembeni yangu, tukazama wote.

"Unajua wagonjwa wanakuja hospitali lini?" akaniuliza. "Homa ikishapanda mpaka mwisho. Ikiwa ndogo hawaji, wanavumilia. Sasa homa ikifika juu kabisa inabaki na njia moja tu, kushuka. Umpe dawa, umpe maji, umwimbie. Kesho kapata nafuu, na anasifu kile alichopewa. Haya, timu inafukuza kocha lini?"

Nikamwambia ikifungwa sana.

"Basi. Hata wewe Oktoba uliikuta homa inashuka, ukadhani umeishusha wewe."

Nikamwambia mpira haupimwi kwapani. Nikatoka nje kwa hasira nikafunga mlango kwa nguvu. Kulikuwa na mvua. Nilirudi nikamkuta kaniwekea taulo juu ya godoro.

Jumapili, 16 Machi

Nimelifikiria lile la homa. Halina msingi. Muuguzi ni muuguzi, kocha ni kocha. Yeye simfundishi kuchoma sindano.

Jumamosi, 22 Machi

Sare! Bila bila. Nilishangilia kwa sauti ya ndani.

Shemeji alirudi na mbinu zile zile, wachezaji wale wale, kijiti kile kile. Lakini mpira uligonga mwamba mara mbili na kipa wao hakuteleza. Redioni "Fundi" amekuwa "kocha wa muda".

Jumamosi, 29 Machi

Tatu bila! Wamefungwa! Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Niliruka pale sebuleni mpaka godoro likatoa hewa. Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama, akaniuliza ninashangilia nini hasa, maana akifukuzwa huyu, wanaotoka humu ni watatu.

Sikuwa nimelifikiria upande huo.

Shemeji kaingia jioni. Hakuwasha taa ya barazani. Alivua viatu mlangoni vikabaki vimeangalia ukutani, na traksuti yangu ilikuwa na matope mpaka kiunoni kama vile alikuwa anacheza yeye. Akakaa mwisho wa godoro langu. Kisha akasema, "Shemeji, wewe ulikuwa unalalaje, siku za kufungwa?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali ya wiki nzima. Yaliniponyoka. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuwa silali, nilikuwa namlaumu mwamuzi mpaka kunakucha. Akaitikia kwa kichwa. Nikaona huruma. Ni mdogo wetu huyu, nilimwozesha mimi, hata suti ya harusi yake nilimvalisha, na mkewe bado yuko kwao, anasubiri kuona kama kazi itadumu.

Nikamtengenezea bomba la bafuni. Huruma hiyo ilidumu mpaka asubuhi, aliponiuliza kama ninaweza kutengeneza na la jikoni.

Jumatatu, 31 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Majirani wamenipigia simu!

Majirani ni timu ya pili ya mji huu, ng'ambo ya reli. Wamefungwa mechi sita mfululizo, wamemfukuza kocha wao jana jioni. Mwenyekiti wao ana duka la rangi. Alinikaribisha dukani, akaniketisha juu ya ndoo ya rangi, na ndoo haizami. Akasema timu yake inahitaji mshtuko. Nikamwambia amefika kwa mtu sahihi, mimi ndiye bingwa wa mshtuko.

Mechi ya kwanza ni Jumamosi, dhidi ya Magodoro. Dhidi ya Shemeji!

Kuna nyumba ya kocha. Vyumba viwili, juu ya duka, harufu ya rangi inapanda kwa ngazi. Nimemwambia mke wangu afunge mizigo. Amesema hahami kwa sababu ya mechi moja. Nikishashinda, amesema, tutazungumza. Kwa hiyo si pointi tu zinazogombaniwa Jumamosi. Nalala juu ya duka peke yangu mpaka nithibitishe kwamba mimi ni kocha.

Alhamisi, 3 Aprili

Muda hautoshi kuwafundisha Feni. Nilijaribu juzi, wawili wakagongana. Nimewaambia wacheze wanavyojua, Feni itaanza wiki ijayo. Wamefurahi sana. Wamepumzika tu, lakini mapumziko hayo nimeyaita mpango.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeshinda! Moja bila!

Dakika za nyongeza. Krosi mbovu ya winga wetu, ilikuwa inakwenda nje kabisa, ikampata Nahodha wa Magodoro mgongoni. Nahodha yule yule wa traksuti! Ikaingia taratibu golini kwao, kipa anaisindikiza kwa macho. Nilipiga magoti kwenye mstari. Hesabu zangu zote zilielekea mgongo ule.

Sherehe hazikwenda mbali. Mwenyekiti wa Magodoro alishuka kutoka jukwaani kabla watu hawajatoka, akamfukuza Shemeji pale pale kwenye benchi, mbele ya waokota mipira. Akasema anahitaji mshtuko. Shemeji akavua traksuti palepale, akaikunja vizuri, akamkabidhi Nahodha. Akabaki na fulana na kijiti. Akanitazama kule nilikokuwa, nikainua mkono kumpungia kwa furaha, kisha nikaona mkono umebaki hewani na sijui pa kuuweka.

Jumapili, 6 Aprili

Wamehamia kwangu asubuhi. Mke wangu, Shemeji na masanduku. Duka la rangi limetukopesha mkokoteni. Godoro la maonyesho nalo limekuja, maana Mwenyekiti wa Magodoro hakutaka lirudi kiwandani na alama ya magoti.

Nimekuwa nafikiri sana leo, na nimekata shauri kuandika yaliyo kweli hata kama nimewahi kusema kinyume. Kubadilisha kocha katikati ya msimu kunasaidia. Ushahidi upo. Majirani walifungwa sita, wakanichukua mimi, wakashinda. Cha muhimu ni kocha anayeingia awe mwenye akili. Mtangazaji ameuliza leo redioni kama Magodoro wamefanya vyema kumfukuza Fundi. Nilibana pua, nikapiga. Safari hii nilikuwa daktari mstaafu. Aliniambia, "Asante sana, Kocha," na nadhani amenitambua kwa sababu ya umaarufu.

Nimemchukua Shemeji kuwa msaidizi wangu. Mama mkwe aliomba. Kesho tunaanza Feni yenyewe, safari hii na kipa naye azunguke. Nimemwambia. "Sawa, shemeji." Mtu mtiifu huyu, ukimpa nafasi.

Na kama mambo yataharibika, ingawa hayataharibika, nimeshamdokezea mwenye duka la rangi kwamba kuna njia ya kunifukuza kidogo tu, mechi moja, halafu narudi. Alisema sawa kabla sijamaliza. Mtu mwepesi wa kuelewa.

Jambo moja tu silielewi. Mke wangu amepanga nguo, ametandika vitanda, lakini masanduku ya vyombo hajayafungua. Ameyapanga karibu na mlango, kamba juu yake, ametoa vikombe vitatu basi. Nimemwuliza anasubiri nini. Akamimina chai.

Kisha akasema, "Kocha, chai inapoa." Tukageuka wote wawili.